Waya wa Rangi ya Kahawa

Viateur alinunua radio kabla hajawa na meza ya kuiwekea. Kwa muda mrefu ilikaa juu ya kiti cha wageni, na mgeni akifika alisimama. Hilo peke yake lingetosha kukuonyesha alikuwa mtu wa namna gani, lakini tusimhukumu mapema, maana siku ya kuhukumiwa kwake ilifika yenyewe bila msaada wetu.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. Viateur alikuwa karani wa kampuni moja ya kahawa upande wa Keshero, na nyumba yake ya matofali ilipata umeme kutoka mashine ya kiwanda, jambo ambalo aliwakumbusha majirani hata walipokuwa wanazungumzia mvua. Mbele kulikuwa na salon, sebule ya kupokelea wageni. Nyuma, ng'ambo ya ua wa mawe meusi ya volkano, kulikuwa na nyumba ndogo ambamo aliishi mama yake, Nyirakamana.

Mama huyu alivaa miringa, zile bangili nyembamba za waya wa shaba ambazo wanawake wa zamani walijaza miguuni, moja juu ya nyingine, kutoka kifundo hadi karibu na goti. Alivishwa siku alipoolewa na hakuzivua tena. Viatu hakuwahi kuvaa. Akitembea, miringa ililia, na Viateur alipokuwa mdogo huko kijijini aliijua sauti hiyo kuliko jina lake: akiisikia katikati ya migomba, alijua mama yuko karibu, akaendelea kucheza. Sasa alikuwa na kravati, tai ya ofisini, na sauti ileile ikilia uani wakati amekaa na wenzake wa ofisi, alikohoa ili kuifunika. Aibu ikishaingia kwa mtu haichagui, inaanza na vitu alivyovipenda.

Basi binti yake Léonie akapata mchumba, Télesphore, kijana muuguzi wa Rutshuru. Watu wa kijana wakatuma habari kwamba Jumapili watakuja kumwomba rasmi. Walikuwa watu wa kanisa na shule, watu wa viatu. Léonie alimpenda kijana huyo kweli, hata chumvi ilikuwa inamzidi mkononi akipika. Na Viateur aliona wazi, au alidhani anaona wazi, kwamba posa hiyo inaweza kuvunjwa na kitu kimoja tu: miguu ya mama yake kuingia salon.

Akatuma jibu zuri, na ndani yake akaweka uongo mdogo: kwamba kwa bahati mbaya mama yake yuko Masisi kwa mdogo wake, hataweza kuwapokea.

Sasa mama aliyeko Masisi utamweka wapi siku nzima, na nyumba yake iko hatua chache nyuma ya yako? Viateur alilifikiria jambo hilo, akapata dawa iliyomfurahisha sana. Atanunua bafle ya pili, sanduku dogo la kutolea sauti, aitundike kwa mama, na waya upite uani kutoka kwenye radio. Mama atakaa ndani na muziki wake, ajisikie yumo kwenye sherehe, na hatakuwa na sababu ya kutoka. Mbele ya nafsi yake aliliita jambo hilo zawadi. Usicheke. Sisi wote tuna mambo tuliyoyabadilisha jina.

Siku ya Ijumaa alikwenda Mabanga kwenye duka la Jumaine, mtu wa asili ya Maniema aliyeuza kila kitu kuanzia sindano hadi magurudumu ya baiskeli. Bafle ilipatikana haraka. Waya ndio uliowachelewesha. Jumaine alitoa kwanza waya mweusi wa mpira, mnene.

"Chukua hii, Papa Viateur. Mvua haiwezi kitu, jua haliwezi kitu."

"Inafanana na nyoka. Nitapitisha nyoka mu salon yangu?"

"Waya ni ya kupitisha sauti. Haivaliwe."

Ukweli ni kwamba panya walikuwa wameuonja waya ule mweusi upande wa ndani, na Jumaine alitaka uondoke dukani. Kwa hiyo hatumpi sifa za hekima. Akatoa wa pili, wa kengele za mlangoni, mwembamba kama uzi. Viateur aliutazama kwa dharau, akasema kuku mmoja tu wa Mama Nyirarukundo, yaani mke wake, ataukata akitafuta mchwa. Ndipo akaona kwenye rafu ya juu waya wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, umevikwa kitambaa laini cha rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Moyo wake ukatulia. Ulikuwa sawasawa na waya wa gramafoni yake, ile mashine ya kuzungushia sahani za muziki iliyounganishwa na radio. Hata vichwa vyake vya kuchomeka vilifanana. Nyuma ya radio kila kitu kitakuwa ndugu na ndugu.

"Ndani ni nini?" akauliza, ili aonekane anajua.

Jumaine alikwangua ncha kwa kisu, wekundu ukang'aa. "Shaba safi. Ni muringa hii, Papa, sawa ile ya miguu ya mama yako. Zamani babu zetu walileta waya hii toka mbali juu ya wanawake wavae. Sasa munaisikilizia muziki."

Kulikuwa na wateja wengine dukani. "Sema polepole," Viateur akanong'ona.

"Na bafle hii inaenda wapi, waya ikiwa ndefu hivi?"

"Kwa mama. Asikie naye."

Jumaine akaacha kukunja waya. "Mungu akubariki. Watoto wa leo wananunulia mama zao nini? Kelele tu."

Viateur alipokea baraka ile kama mtu anayerudishiwa noti isiyo yake na kunyamaza. Njia nzima hadi Keshero shingo ilimuwasha, akadhani ni jua.

Jumamosi aliunganisha kila kitu mwenyewe. Nyuma ya radio kulikuwa na jozi mbili za matundu: moja ya kuingizia sauti kutoka gramafoni, nyingine ya kutolea sauti kwenda bafle ya pili. Akachomeka, akaweka sahani, na ng'ambo ya ua nyumba ndogo ikaanza kuimba. Nyirakamana alitoka nje kuangalia nani amejificha nyuma, kisha akarudi, akaweka kiganja juu ya sanduku, akakiacha hapo hadi wimbo ulipokwisha. Jioni hiyo kila aliyepita kwenye ua alihadithiwa.

"Mutoto yangu amenivutia muziki na waya. Angalia, rangi ya kahawa. Ni yeye mwenyewe aliichagua."

Kisha Viateur akaingia, akafunga mlango, akamweleza kuhusu Masisi. Walichokubaliana hapo mtakisikia, kama wageni walivyokisikia.

Jumapili baada ya misa, muda mfupi kabla wageni hawajafika, Viateur aliona kwamba radio inautazama mlango badala ya kutazama viti. Watu wa Rutshuru wangeona ubavu wake tu. Akaigeuza. Ili kuigeuza ilibidi achomoe nyaya mbili za nyuma, na alipomaliza alikuwa na waya wa kahawa mkono wa kulia na waya wa kahawa mkono wa kushoto. Ungekuwa mweusi mmoja, hata kipofu angeutambua. Mlangoni ikasikika hodi. Akachomeka haraka, kila mmoja pa mwenzake, akaenda kufungua huku akitabasamu.

Waliingia muzee Ntirenganya, baba mkubwa wa kijana na ndiye msemaji wao. Mukamazimpaka, mama wa kijana, mjane mwenye kofia ya kanisani. Na ndugu wawili watatu waliokuja kujaza viti. Mke wa Viateur, Nyirarukundo, alileta bia za chupa. Ntirenganya aliitazama chupa yake kwa adabu bila kuigusa. Viateur, ili kuchangamsha watu, akawasha radio. Jicho lake la kijani, ile taa ya mbele, likafunguka. Akageuza kitufe upande wa gramafoni, akaweka sahani, akashusha sindano.

Kimya. Sahani ilizunguka tu.

Akaongeza sauti. Kimya. Akaongeza hadi mwisho. Radio ikatoa mvumo mdogo, basi.

"Waya imebanwa kule nyuma," akasema. "Munisamehe kidogo." Akatoka haraka.

Sasa, bafle ni kitu cha ajabu. Ukiichomeka pa kutolea sauti, inasema. Ukiikosea ukaichomeka pa kuingizia, inageuka sikio: yote yanayosemwa mbele yake yanapanda kwenye waya na kutokea kwenye radio. Viateur hakujua hilo. Hakuna mtu salon aliyelijua, mpaka mlango ulipolia ndani ya radio, na radio ikasema kwa sauti ya Nyirakamana:

"Wageni wamefika? Nikuje nisalimie?"

"Mama, tulishasema." Ilikuwa sauti ya Viateur, kubwa, karibu, kama amesimama mezani. "Weye uko Masisi."

"Ni salamu tu. Kisha narudi."

"Wale ni watu wa viatu, mama! Uingie na miguu hii? Na miringa inalia sawa ngombe zinarudi? Watasema Léonie ametoka wapi? Unataka mutoto arudishwe juu ya miguu yako?"

Mvumo. Halafu sauti ya mama, ndogo zaidi. "Basi. Niko Masisi."

"Kaa hapa. Muziki itarudi sasa hivi."

"Na kasiksi yangu? Nimeitengeneza na ndizi juu ya siku ya leo."

"Wanakunywa ya chupa."

Salon hakuna aliyemtazama mwenzake. Nyirarukundo alisimama na sinia, akiomba ardhi ipasuke. Angeweza kuzima, hatua moja tu, lakini tangu radio iingie nyumbani mumewe hakumruhusu kuigusa, na hakujua kitufe ni kipi. Aliponyoosha mkono hivyohivyo, Mukamazimpaka akamtikisia kichwa. Iache.

Viateur akarudi, akipangusa mikono. Alikuwa mchangamfu. "Mambo ya umeme inataka uvumilivu," akasema, akaketi.

Ntirenganya alikuwa muzee mpole, na upole wake ndio uliomfanya aulize. Alitaka kumfungulia mwenzake mlango ili atoke kabla nyumba haijamwangukia.

"Mwenyeji yetu, mama yako muzazi, iko namna gani? Tunapenda kujua. Hata kama iko mbali, hata kama iko karibu."

Hata kama yuko karibu. Mtu mwingine angesikia. Viateur alikuwa anasikiliza radio yake, akingoja muziki.

"Ah, iko mzima, muzee. Iko Masisi. Alipenda sana kuwa hapa, lakini miguu…" akatafuta neno, "miguu inamusumbua."

Nyirarukundo akafumba macho. Na radio ikaanza tena.

Kwanza zilikuwa sauti ndogo za chuma kwa chuma. Kisha Nyirakamana, kwa mjukuu wake aliyekuja kungojea kwake hadi aitwe: "Kamata hapa, Léonie. Vuta kidogokidogo. Hii ya juu ni ngumu, imekaa sana."

"Nyogokuru, bibi yangu, acha! Damu inatoka."

"Haiumi. Vuta. Zikitoka zote, pengine baba yako atanipa hata kanga ya Nyirarukundo, nipite nikae mulangoni. Nikuone tu wakikuomba."

Kitu kikaanguka sakafuni ndani ya radio, kikalia kwa muda mrefu kikizunguka.

"Usilie," ikasema sauti. "Na wakikuuliza, sema vile anasema: niko Masisi. Hadithi isikuwe mbili, watamucheka. Baba yako hana ubaya. Amesoma, na mutu akisoma, mambo ya kwao inamuchoma macho. Itapita. Vuta."

Mficha maradhi, wasema, kifo humuumbua. Viateur hakufa, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Ilibidi abaki ameketi pale, na kravati yake, mbele ya macho ya watu waliokuwa wamesikia yote, tangu mwanzo, kabla ya swali la muzee, kabla ya jibu lake. Alilielewa polepole. Ungemwona akihesabu nyuma: mlango, ng'ombe, miguu, Masisi. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Alitaka kusema kitu, midomo ikasogea, na neno pekee lililotoka lilikuwa "umeme".

Ntirenganya akasimama, akachukua fimbo yake. Wote wakasimama naye. Viateur aliona posa inaondoka, aliuona moyoni uso wa Léonie, akashika ukingo wa meza.

"Muzee, ninakuomba. Mutoto hana kosa."

"Hatuondoke," Ntirenganya akasema. "Tulikuja kuomba binti. Binti haombwe juu ya chupa, anaombwa mahali kasiksi iko, na mukubwa wa nyumba iko. Tulikuwa tumekosea mulango."

Wakatoka kwa mlango wa uani, Nyirarukundo akiwatangulia bila kumtazama mumewe. Mukamazimpaka alivua viatu vyake mlangoni, akavibeba mkononi, akakanyaga yale mawe makali ya volkano peku, akichechemea. Ilikuwa ni miguu laini ya salon na iliumia, lakini hakuvivaa tena hadi ng'ambo.

Viateur akabaki peke yake na radio. Alisikia mlango ukilia, hodi, kisha salamu ndefu za kikwao, zile ambazo hazikatiki. Alisikia viti vichache vikigawanywa na mkeka ukikunjuliwa. Alisikia kasiksi ikimiminwa. Kisha Ntirenganya akakohoa, akaanza maneno ya kuomba, maneno ya zamani yanayozunguka mbali, yenye ng'ombe na mvua na ua wa jirani, na baba wa Léonie aliyasikiliza kupitia waya, kutoka chumba kingine, kama alivyokuwa amempangia mama yake ayasikilize. Ulikuwa mpango wake mwenyewe. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mtu aliyeketi upande wa kusikiliza.

Alilia, na alichukia kwamba analia vizuri hivyo, bila mtu wa kumwona.

"Mutoto ni wenu," alisema mama yake ndani ya radio, "lakini miye niko tu bibi. Mwenye kumutoa ni baba yake. Iko wapi?"

Muzee Ntirenganya akasema polepole, "Mama, tusikufiche. Hii sanduku ya ukutani ilikuwa inatuletea sauti yako kule. Tulisikia yote. Na sasa hivi yeye anatusikia."

Viateur alingoja akiwa ameinamisha kichwa. Angeweza kuzima. Alijua kitufe ni kipi.

Ndipo miringa ikalia, ile iliyobaki, ikakaribia, ikakaribia, hadi akajua mama amesimama mbele ya bafle, mkono juu yake. Na Nyirakamana hakumsemesha yeye. Aliwageukia wageni, na ndani ya sauti yake kulikuwa na majivuno matupu, ya mama anayesifia mtoto wake.

"Mumeona waya yenyewe? Ni muzuri sana. Ni yeye aliichagua. Alininunulia miye."

Viateur akainuka. Hakuzima kitu. Alitoka uani akaufuata waya ule wa rangi ya kahawa juu ya mawe, akainamia mlango mfupi, akaingia. Watu wakasogea. Hakukuwa na kiti kilichobaki. Mama yake alikuwa amerudi mkekani, amenyoosha miguu: mmoja bado na shaba yake, mwingine wazi, umechubuka, na ngozi iliyofichwa na waya tangu ujana wake ilikuwa laini na nyeupe-nyeupe kama ya mtoto mchanga. Léonie alikuwa anaipangusa damu kwa kitambaa na hakuinua uso.

Viateur alisimama hapo na kravati yake. Alikuwa ametayarisha neno la kuomba msamaha, lakini mlango ule haukumpitisha nalo.

Nyirakamana alimtazama kutoka chini hadi juu. Akachukua mrija wa kasiksi, akaufuta kwa kiganja, akamnyooshea.

"Umefika toka Masisi?" akauliza.

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, hata Mukamazimpaka, hata Nyirarukundo pamoja na hasira yake. Viateur naye akacheka, kisha akapiga magoti mkekani akiwa ameficha uso kwenye mguu ule ulio wazi.

"Iko mbali, Masisi," mama akasema, akimsogezea nafasi. "Kaa. Kunywa kwanza, kisha utujibu kama unatoa mutoto."